Moshi ina matope ya kutosha, inachokosa ni ndondo ya magari

Tangu Polisi Tanzania iliposhuka daraja mwaka 2023, shabiki wa soka wa Moshi amebaki na wikiendi ndefu. Uwanja wa Ushirika upo pale pale, lakini Polisi hawawakaribishi tena Simba na Yanga kugombea pointi tatu za Ligi Kuu. Wengine wanaimaliza Jumamosi kwenye kibanda umiza wakibishana kuhusu Arsenal. Wengine wanasubiri Kilimanjaro Marathon ipite mara moja kwa mwaka, basi, imetoka hiyo.

Kumbe kuna mchezo mmoja ambao mji huu umeufanyia mazoezi miaka nenda rudi bila kujua kuwa ni mchezo. Ila ili kuuelewa inabidi kwanza kwenda mbali kidogo, kwenye baridi.

Huko Finland, Sweden na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota, maziwa yanaganda kila mwaka. Barafu ikifika unene wa sentimita 30 hivi inabeba gari dogo bila matatizo. Watu wanapitisha mashine kuondoa theluji juu ya ziwa, wanachora njia yenye kona za kutosha, theluji iliyosukumwa pembeni inakuwa ukuta, na mbio zinaanza. Usitafute Ferrari hapo. Kuna Volvo ya mzee, kuna Toyota ya kijana, kuna gari ambalo Jumatatu asubuhi litapeleka watoto shule. Yapo madaraja ambayo matairi yanafungwa misumari ili yang'ate barafu. Lakini lipo pia daraja la magari ya mtaani kabisa, tairi lile lile la barabarani, na jioni mshindi analiendesha gari hilo hilo kurudi nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza kuna raha gani kukimbiza gari dogo kwa kilomita 40 kwa saa. Raha iko kwenye utelezi. Juu ya barafu, kilomita 40 ni kama 120 kwenye lami kavu. Ukikanyaga breki kwa pupa, tairi zinafunga na gari linaendelea na safari yake kama vile hukufanya kitu. Ukikata usukani sana, pua inakataa kugeuka. Ukizidisha mafuta, mkia unakupita. Dereva analazimika kujifunza kuuhamisha uzito wa gari: anaachia mafuta kidogo kabla ya kona, mbele kunalemewa, tairi za mbele zinapata kushika, gari linaanza kugeuka, ndipo anarudisha mafuta polepole. Nyuma ikisereleka, anaelekeza usukani kule kule nyuma inakokwenda. Akikosea, anaingia kwenye theluji laini, anasukumwa na wenzake, anarudi mchezoni. Kosa linamgharimu aibu tu. Kwenye lami, kosa hilo hilo lingemgharimu mguu, au zaidi ya mguu.

Sasa turudi Moshi. Barafu ipo, kila mtu anaiona asubuhi mawingu yakifunguka, lakini iko juu kabisa Kibo, mita 5,895, na hata hiyo inaondoka. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwishayeyuka. Hakuna atakayepandisha Probox kule. Na Ziwa Chala halijawahi kufikiria kuganda.

Lakini kuna masika. Upande wa kusini wa mlima ndio unaopata mvua nyingi, na ikifika Aprili, barabara za vumbi za Kibosho, Uru, Old Moshi na Machame zinageuka sabuni. Ule udongo mwekundu wa volkano, mzuri kwa kahawa na migomba, ukilowa hauna huruma na tairi. Na juu ya sabuni hiyo inapita Noah. Ina abiria kumi na kitu, ina mikungu ya ndizi juu, ina debe la mbege nyuma, na inapanda mlima wenye kona ambayo upande mmoja ni kihamba cha mtu na upande wa pili ni korongo. Suka hakanyagi breki ovyo. Anaingia na mwendo alioupima tangu chini, kwa sababu anajua akisimama katikati ya mlima hataondoka tena. Mkia ukianza kucheza anaurudisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipokea chenji kutoka kwa konda. Mama aliyekaa nyuma hakatishi hata stori yake.

Huyo suka na yule Mfini wanafanya kazi moja. Tofauti ni kwamba mmoja wao anapewa kikombe.

Na hili si jambo la kujipa moyo tu, limekwishapimwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lake la mwanzo lilikuwa la magari ya kawaida, yale yanayouzwa dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari sokoni. Volkswagen kobe ilikuwa miongoni mwa magari yaliyotamba miaka ile. Njia ziliingia Mbulu, zikapanda Usambara, na baadaye waandaaji wakachagua kuyafanya wakati wa Pasaka makusudi, ili mvua iwakute madereva njiani. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena. Ni kama ligi inayoanza na timu 16 na inayofika mwisho ikiwa na timu moja na kidogo.

Wazungu wa barafu walikuja kwa kujiamini. Erik Carlsson wa Sweden alikuwa amekwishashinda Monte Carlo mara mbili, mwaka 1962 na 1963, akiwa na Saab yake ndogo. Alipokwama kwenye tope la Afrika Mashariki alilipindua gari lake, likabiringika hadi likatoka kwenye shimo, akaendelea na safari. Waandishi wa habari walipokataa kuamini, akarudia mbele yao. Mwaka 1964 alimaliza wa pili. Wa pili, siyo wa kwanza. Kwa karibu miaka 20 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Ushindi ulibaki kwa wenyeji waliojua tope linapumua vipi, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipoukata mwiko huo mwaka 1972.

Kati ya wenyeji hao, mmoja anastahili kukumbukwa Tanzania kuliko anavyokumbukwa. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akifanya kazi ya magari Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote na Peugeot 404. Hiyo Peugeot 404 ni ile ile iliyobeba abiria mikoani miaka ile. Mwaka mmoja kabla yake, 1965, alishinda Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa gereji, akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo iliyokuwa imekwishatumika Safari ya mwaka uliotangulia. Mtumba, kwa lugha ya leo. Akaja kushinda tena 1974 na 1976.

Baada ya hapo Safari ikabaki kuwa ya Kenya peke yake, magari yakawa ya viwanda, gharama zikapaa. Leo gari moja la kisasa la mbio linauzwa mamia ya mamilioni ya shilingi. Tanzania bado ina rali zake. Iringa wana Mkwawa, na wana dereva kama Ahmed Huwel ambaye mji mzima unamjua. Lakini nenda kijiweni Majengo au Pasua uulize vijana wangapi wamewahi kufikiria kuwa mchezo huo unaweza kuwa wao. Jibu ni lile lile: huo mchezo wa matajiri, huo mchezo wa Wahindi.

Hapo pana dhuluma ndogo ya kusahihishwa. Familia za Watanzania wenye asili ya Kiasia ndizo zilizoubeba mchezo huu kwa mifuko yao wakati hakuna mdhamini aliyetaka kuusikia. Bila hao leo pasingekuwa na rali ya kulalamikia. Kosa la mchezo huu haliko kwa wanaoucheza. Kosa ni kwamba hauna mlango wa chini.

Shabiki wa soka analijua hili vizuri kuliko mtu yeyote. Mbwana Samatta hakuanzia Genk, alianzia Mbagala. Soka la nchi hii linaishi kwa sababu kuna mchangani, kuna ndondo, kuna mechi ya mbuzi, kuna uwanja usio na nyasi ambako mtoto asiye na viatu anampiga chenga askari polisi mbele ya watu elfu. Ukiondoa hayo yote ukabakiza Ligi Kuu tu, ukasema anayetaka kucheza anunue kwanza basi la timu, baada ya miaka 10 hutakuwa na winga hata mmoja. Hivyo ndivyo mbio za magari zilivyo Tanzania. Kuna juu, chini hakuna.

Finland walilitatua jambo hili kwa akili ambayo hata UEFA, pamoja na makabrasha yake ya kudhibiti matumizi ya fedha, ingeionea wivu. Wana daraja linaloitwa la kila mtu. Sweden nao wana la kwao linalofanana. Magari ni machakavu ya kawaida, yamewekewa mabomba ya chuma ndani ili bodi isimbonyee dereva, mikanda na viti madhubuti. Wanakimbia kwenye changarawe kiangazi na kwenye barafu majira ya baridi. Vijana wanaruhusiwa kuanzia miaka 15, kabla hata ya umri wa leseni ya barabarani. Na kuna sheria moja tamu: kila gari lina bei moja, ndogo, iliyopangwa na chama. Mbio zikiisha, mshiriki mwenzako ana haki ya kutaka kulinunua gari lako kwa bei hiyo. Wakijitokeza wengi, inapigwa kura. Ukikataa kuuza, leseni yako ya mbio inaondoka.

Chukua sheria hiyo uilete Moshi. Tuseme bei ni shilingi milioni 4. Tajiri anayetaka kufunga injini ya milioni 30 kwenye Starlet yupo huru kufanya hivyo, ila ajue kijana wa Kiborloni anaweza kuondoka nayo jioni kwa milioni 4 na hakuna wa kumlilia. Hapo fedha inatoka nje ya uwanja, wanabaki mguu, jicho na fundi. Na mafundi Moshi inao. Gereji zimejaa watu wanaoweza kuifufua Corolla ambayo wengine wangeiuza kwa kilo.

Kilimanjaro ina sababu nyingine ya kulifanya jambo hili, na hii haichekeshi. Vijana wanaopenda mwendo wapo tayari, hawasubiri ruhusa ya mtu. Wanajipima kwenye barabara kuu ya kwenda Arusha usiku, na kwenye mteremko wa kutoka Marangu kwenda Himo. Wanajipima katikati ya malori, bodaboda na watu wanaotoka misibani. Desemba ndiyo usiseme. Wachaga wa Dar es Salaam wanarudi nyumbani kula Krismasi, magari ya mijini yenye matairi laini yanakutana na vilima vya vijijini vilivyolowa, na nyuma ya usukani yupo mtu ambaye mwaka mzima kazi yake imekuwa foleni ya Ubungo. Hajawahi hata siku moja kulisikia gari likimponyoka akiwa mahali salama. Mara ya kwanza kulisikia ni pale, kwenye kona, watoto wakiwa nyuma. Askari wa usalama barabarani wanaweza kuandika faini mpaka kalamu iishe wino. Faini haimfundishi mtu afanye nini mkia wa gari unapompita.

Yule Mfini anayejulikana sana leo, Kalle Rovanperä, alikuwa na umri wa miaka 8 video yake ilipozunguka dunia nzima akiendesha Toyota Starlet kwenye ziwa lililoganda, kichwa hakionekani vizuri juu ya dashibodi. Akiwa na miaka 22 akawa bingwa wa dunia, mdogo kuliko wote waliopata kuwa. Alishinda Safari ya Naivasha mwaka 2022, akarudia 2024. Baba yake, Harri, alikuwa dereva wa mbio, kwa hiyo mtoto hakutoka hewani, hilo lisemwe. Lakini chombo chenyewe kilikuwa Starlet. Ngapi zimeegeshwa Moshi hivi sasa zikiota kutu?

Watapatikana wa kupinga, na baadhi wana hoja. Wapo watakaosema ni kufundisha watoto wehu wa barabarani. Ukweli ni kwamba anayejua gari linavyoteleza ndiye anayeliogopa kwa kiasi kinachotakiwa. Asiyejua ndiye anayepita kwenye kona akiwa na simu sikioni. Hoja ya usalama wa watazamaji ni nzito zaidi, na haifai kupuuzwa, maana Mbongo akisikia mlio wa injini anasogea karibu badala ya kurudi nyuma. Ndiyo maana jambo hili lisifanyike kwenye barabara za kijiji hata kidogo. Lifanyike shambani: uwanja tambarare, uliozungushiwa kamba, watu wakae upande wa juu tu, mbali na sehemu ya nje ya kona ambako gari likiponyoka ndiko linakokwenda. Magari yakimbie moja moja dhidi ya saa, mbio za kubanana zije baadaye sana, au zisije kabisa. Tope lenyewe linapunguza mwendo. Na badala ya ukuta wa theluji, kuna magunia ya pumba za mpunga kutoka Mabogini, ambayo kuyapata si kazi.

Mahali hapakosekani. Chini ya mji, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, ardhi ni tambarare na ikinyeshewa inanata na kuteleza kwa wakati mmoja, kitu ambacho hata barafu haikiwezi. Mlimani kuna viwanja vya shule na vya vyama vya ushirika ambavyo Aprili havichezeki mpira kwa sababu ya maji. Hapana, hivyo viachwe, matairi yataviua na watoto wataukosa uwanja mwezi wa sita. Anayejua viwanja vya mpira vya vijijini vilivyo vichache hatakubali kimoja kiliwe na magari.

Fedha ya kuanzia si ya kutisha. Kinachotakiwa ni shamba la kukodi kwa siku mbili na trekta ya kuvuta waliokwama, ambao watakuwa wengi. Gari la wagonjwa liwepo tangu asubuhi, siyo la kuitwa baada ya ajali. Kofia ngumu ziwe nzuri, na fundi anayeaminika asizuie tu breki na mikanda mibovu, bali awe na ubavu wa kumwambia mtu mzima mwenye heshima zake, "Mangi, hili lako halikimbii leo." Na chama cha magari cha taifa, AAT, kitie saini na kulitambua daraja hilo kwa leseni ya bei ya mtu wa kawaida. Hili la mwisho ndilo gumu. Vyama vya michezo nchini hupenda kuzindua vitu vyenye jukwaa, mgeni rasmi na fulana. Tope halipendezi kwenye picha za mgeni rasmi.

Wakati mzuri ni Pasaka, kwa sababu ile ile waliyoifuata waandaaji wa Safari ya zamani: mvua ipo, na watu wako likizo. Wachaga waliokosa Krismasi hurudi Pasaka. Biashara ya nyama choma na mbege itajilipa yenyewe bila mdhamini. Na asubuhi hiyo, kabla gari la kwanza halijaingia topeni, kamati itakuwa na kesi moja ya kuamua, kwa sababu masuka wa Kibosho watakuwa wamefika mapema kuliko wote na hawatakubali kukimbia na magari matupu kama ya wengine: je, Noah iingie uwanjani ikiwa na abiria wake, au washushwe getini?